Maporomoko ya Murchison, mto Murchison, kimondo cha Murchison: hawa wote ni ndugu?

Aliyeuliza ni dereva wa watalii, kijana wa Eldoret, anavuka Malaba na wageni wake mpaka Masindi na Paraa, Uganda. Swali lake lilikuwa refu, nimelifupisha hivi: "Mkuu, nilikuwa na mgeni, mama wa Kanada, kwao ni kisiwa cha Prince Edward, na jina lake la ukoo ni Murchison. Tulipofika juu ya maporomoko ya Murchison alipiga picha kwa ule ubao mpaka simu ikaisha chaji, akaniambia hapa ni kwa babu yake. Kwa gari hiyo hiyo kulikuwa na mzee wa Australia, akacheka sana, akasema kwao kuna mto Murchison, kuna mji Murchison na kuna kimondo cha Murchison. Mimi nikabaki katikati sijui nicheke na nani. Hii ni familia moja iliyotawanyika dunia nzima ama ni majina tu? Mama amenitumia meseji, anataka nimuulizie."

Kaka, hapo umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja, na majibu yake hayafanani hata kidogo. Ukichukua mahali panapoitwa Murchison, karibu pote panarudi kwa mzee mmoja tu, na huyo mzee kwa sehemu kubwa hakuwahi kukanyaga huko. Lakini ukichukua watu wanaoitwa Murchison hawarudi kwa mzee mmoja, hata ukichimba vipi. Na huyo mzee mwenye maporomoko hakuacha mtoto. Hakuna mtu hai anayeweza kusimama pale juu akasema mimi ni mjukuu wake wa moja kwa moja. Kwa hiyo yule mama, mgeni wako, amekosea, ila hajakosea kama anavyodhani yule mzee wa Australia, subiri tufike.

Tuanze na watu, maana ndio roho ya mama iko hapo.

Murchison asili yake ni Kigaeli cha nyanda za juu za Scotland, Mac Mhurchaidh, yaani mtoto wa Murchadh. Wewe wa Eldoret utaelewa haraka kuliko mgeni yeyote uliyembeba, kwa sababu hiyo Mac ni arap yenu Wakalenjin, yaani mtoto wa fulani. Hayati rais Daniel Moi aliitwa arap Moi kwa kuwa baba yake alikuwa Kimoi, na Kimoi mwenyewe alikuwa arap Chebii, si arap Moi. Kizazi kinabadilika na jina linabadilika nacho. Halafu zikaja shule na ofisi na vitambulisho, watoto wa rais wakabaki wote kuitwa Moi, jina likaganda. Scotland ya kaskazini mambo yalikwenda hivyo hivyo, ila yalichukua muda mrefu na hayakutokea siku moja kila mahali. Kwenye mabonde mengi ya kule juu majina yalikuwa bado yanateleza mpaka miaka ya 1600 na 1700, mtu anajulikana kwa jina lake, la baba, la babu, labda na rangi ya nywele, mpaka siku karani wa kanisa au wa mwenye ardhi anafungua daftari la kodi anataka jina moja la mwisho, basi lile lililokuwepo siku hiyo ndilo linabaki.

Sasa fikiria mabonde kumi, kila bonde lina mzee anaitwa Murchadh, na hilo lilikuwa jina la kawaida kabisa, mpaka leo wanaume wa Lewis na Skye wanaitwa Murdo ambayo ndiyo sura yake ya sasa. Watoto wa kila mzee wanaandikwa Mac Mhurchaidh. Karani mmoja anaandika Murchison, mwingine kule kisiwa cha Arran anaandika Murchie, mwingine Kintyre anaandika McMurchy. Unapata watu wa jina moja ambao si ndugu, na wakati huo huo unapata ndugu wa damu wenye majina matatu. Ndiyo maana mtu akiniambia sisi wote wa jina fulani ni ukoo mmoja mimi huwa nauliza kwanza, jina liliganda lini na wapi, kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Ukitaka kuona jinsi lilivyo pana, vuka bahari uingie Ireland. Murchadh yule yule ndiye aliyezaa Ó Murchadha, na Ó Murchadha ndiye Murphy. Ndiyo, Murphy, jina linaloongoza kwa wingi Ireland nzima. Kule majina yaliganda mapema zaidi, karne ya 10 na 11 tayari yalishaanza kukaa, lakini hata hivyo hao kina Murphy walichipuka sehemu kadhaa bila kujuana, Wexford kivyao, Cork kivyao, Tyrone kivyao. Na kuna Mac Murchadha, wafalme wa Leinster, ambao mmoja wao, Diarmait, alifukuzwa kwenye kiti chake akaenda kuomba askari ng'ambo, Wanormani wakaanza kushuka 1169, na Waayalandi mpaka leo hawajamsamehe. Kizazi chake kikubwa leo hakiitwi hata Murchadha, kinaitwa Kavanagh, kwa jina la utani la mwanawe Domhnall. Kwa hiyo kama jina peke yake lingekuwa ushahidi wa undugu, mama yako angekuwa ndugu wa nusu ya kaunti ya Cork, na ndugu zake wa kweli labda wangempita wanaitwa kitu kingine.

Haya, ndani ya hayo mafungu yote kuna fungu moja la Murchison linalojulikana zaidi, la Lochalsh na Kintail, pwani ya magharibi inayotazamana na Skye. Hawa walikuwa watu wa kina Mackenzie wa Seaforth. Hawakuwa machifu, walikuwa wale watu wa kazi: kushika ngome, kukusanya kodi, kusoma barua. Mwenye sifa kubwa kati yao ni Donald Murchison. Mwaka 1715 bosi wake, Earl wa Seaforth, aliingia kwenye uasi wa kutaka kurudisha ufalme wa kina Stuart, wakashindwa, mashamba yote yakataifishwa, yeye mwenyewe akakimbilia Ufaransa. Donald akabaki nyuma. Serikali inasema kodi ya mashamba haya sasa ni yetu, Donald anakusanya kodi ile ile kwa wapangaji wale wale na kumpelekea bosi uhamishoni, na mwaka 1721 serikali ilipotuma watu na wanajeshi waje kukusanya kwa nguvu, akawavizia kwenye njia ya milimani akawarudisha walikotoka. Miaka yote hiyo! Halafu bosi akasamehewa, akarudi, akamsahau. Hadithi inayosimuliwa kule ni kwamba Donald alikufa na uchungu wa hilo. Ukipita leo barabara ya kwenda Kyle of Lochalsh kuna mnara wake juu ya mwamba unaotazama maji, na mnara huo haukujengwa na kina Seaforth. Ulijengwa 1863 na mtu wa ukoo wake aliyekuwa amepata jina kubwa London, Sir Roderick Impey Murchison. Huyo sasa ndiye mwenye maporomoko yako.

Roderick alizaliwa 1792 Tarradale, Ross-shire, mashamba ambayo baba yake, daktari, aliyanunua kwa hela alizochuma India. Akawa askari, akapigana Ureno na Hispania dhidi ya Napoleon akiwa kijana mdogo kabisa, vita vikaisha, akaoa, akawa hana kazi zaidi ya kuwinda mbweha kwa farasi na kutumia pesa. Aliyemtoa huko ni mkewe Charlotte, mama aliyekuwa anapenda sayansi na kukusanya visukuku, akamsukuma aende kusikiliza mihadhara ya wanasayansi. Wengi wanapoisimulia hadithi hii huyu mama anawekwa pembeni, mimi nadhani bila yeye tungekuwa tunazungumzia maporomoko yenye jina lingine kabisa. Roderick akaingia kwenye jiolojia na ukali wa mwanajeshi, akapanga matabaka ya miamba ya Wales na mpakani akayaita Silurian, na mwenzake Sedgwick wakatoa Devonian, na akaenda Urusi akarudi na Permian mwaka 1841, kwa jina la mji wa Perm. Mwanafunzi yeyote wa jiolojia pale Makerere au Dodoma anatumia majina hayo mpaka leo.

Lakini miamba pekee isingemfikisha Uganda. Kilichomfikisha ni kiti. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London alikuwa mmoja wa waanzilishi wake 1830, na alikuwa rais wake mara nne, mara ya mwisho alikaa kuanzia 1862 mpaka 1871, mwaka aliofariki. Sasa jiweke wewe ni Mwingereza wa wakati ule unataka kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Unahitaji barua za utambulisho, unahitaji mtu wa kusema na wizara, unahitaji ukirudi mtu akuite jukwaani mbele ya watu wenye pesa akupe medali. Njia hizo zote zinapita kwa Murchison. Burton, Speke, Grant, Baker, Livingstone, wote walipita mkononi mwake. Na msafiri aliye porini hana pesa ya kumlipa mtu kama huyo, ana kitu kimoja tu cha kutoa, ramani tupu na kalamu.

Basi unaelewa ya Baker. Samuel Baker na Florence wake walifika ziwa mwezi Machi 1864, akalipa jina la Albert, mume wa malkia aliyekuwa amefariki, halafu wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini, wakaingia mdomo wa Nile, wakapanda mto mpaka pale mnapowapeleka wageni kwa boti. Wewe pale unapajua kuliko mimi, Nile yote inabanwa kwenye ufa wa kama mita 7 tu, inashuka mita 43 hivi, moshi unapanda na nguo zinalowa ukiwa bado juu huku. Baker akapaita kwa jina la rais wa chama. Mwaka uliofuata chama kikampa medali ya dhahabu. Sisemi aliinunua, maana kazi aliyofanya ilikuwa kazi kweli, wote wawili walikaribia kufa kwa homa, nasema tu mambo yalivyokuwa yanakwenda.

Livingstone alishafanya hivyo hivyo kabla yake, mwaka 1859 meli yake ilipogota kwenye maporomoko ya mto Shire, huko Malawi ya sasa, akayaita ya Murchison. Na kabla ya wote hao, 1839, George Grey aliyevunjikiwa mashua pwani ya magharibi ya Australia alikuta mdomo wa mto mkubwa, akauita Murchison, huo ndio mto wa yule mzee mcheshi, una urefu wa zaidi ya kilomita 800 na sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga na vidimbwi. Ongeza safu ya milima ya Murchison huko Limpopo, Afrika Kusini, kulikochimbwa antimoni. Ongeza mji wa Murchison kisiwa cha kusini cha New Zealand, uliopigwa na tetemeko la ardhi tarehe 17 Juni 1929 likaua watu 17, wengi wao wakifukiwa na maporomoko ya udongo. Ongeza rasi ya Murchison kule Kanada kwenye barafu, ncha ya mwisho kabisa ya kaskazini ya bara la Amerika Kaskazini. Ongeza eneo la mafuta chini ya Bahari ya Kaskazini. Ongeza shimo moja kwenye mwezi, si utani, ramani za mwezi zina kreta Murchison. Mzee mwenyewe Afrika hakufika, Australia hakufika, New Zealand hakufika, na mwezini ndo kabisa. Alifariki London tarehe 22 Oktoba 1871, karibu siku zile zile Stanley alikuwa anaingia Ujiji kumkuta Livingstone, na Livingstone hakuwa na habari kwamba mlezi wake ndo anaondoka.

Linganisha na kwetu uone tofauti. Thomson Falls pale Nyahururu, Joseph Thomson naye Mskoti, lakini yeye angalau alifika kwa miguu yake 1883, na jina lake likabaki hata kwa swala tomi unaowaonyesha wageni kila siku. Au nenda kwa kina Murphy: California kuna mji unaitwa Murphys, umeitwa kwa John na Daniel Murphy, ndugu wawili wa familia iliyotoka Wexford, ambao walifika na magari ya ng'ombe 1844 na miaka minne baadaye wakachimba dhahabu pale pale. Jina la mahali linaweza kuwa la mtu aliyetoka jasho pale au la mtu aliyekaa mezani mbali, na ubao wa geti hauwezi kukuambia ni lipi.

Na hapo kwenye ubao wageni huwa hawajui kwamba jina lenyewe lilishaondolewa likarudi. Enzi za Idi Amin hifadhi na maporomoko viliitwa Kabalega, kwa jina la Omukama, yaani mfalme, wa Bunyoro. Hilo lilikuwa chaguo lenye makali, maana Baker aliporudi 1872, safari hii ana askari na amri ya mtawala wa Misri, ni huyo huyo Kabalega aliyepigana naye pale Masindi mpaka akaondoka mbio. Waingereza walikuja kumkamata Kabalega 1899 wakampeleka Ushelisheli, wakamruhusu kurudi 1923 akiwa mzee, akafia njiani Jinja kabla hajafika kwao. Amin alipoanguka 1979 jina la Murchison likarudi kwenye mabango. Kuna wazee wa Bunyoro mpaka leo wanasema Kabalega na hawasemi vingine, na ukiwa na mgeni anayependa historia mwambie hiyo, ni stori nzuri kuliko kumhesabia viboko.

Sasa yule mzee wa Australia naye nina neno naye. Alichanganya vitu viwili. Mto wa kwao, uko magharibi, ni wa Sir Roderick. Lakini mji wa Murchison uko Victoria, upande wa pili kabisa wa nchi, kando ya mto Goulburn, na huo umeitwa kwa kapteni John Murchison, mlowezi wa mwanzo wa maeneo yale. Mtu mwingine, jina lile lile. Hapo ndipo watu wa ukoo huwa wanateleza, anaona mahali pawili nchi moja anaunganisha, hajui kati yake kuna maelfu ya kilomita na watu wawili tofauti.

Na kimondo ni cha mji huo wa Victoria, kwa hiyo ukifuata nyuzi, kimondo maarufu sana kwa wanasayansi kina jina la kapteni mlowezi na si la mwanajiolojia, wakati kila mtu ukimuuliza atakwambia lazima ni la mwanajiolojia. Kilianguka Jumapili asubuhi, 28 Septemba 1969, watu wako makanisani, mpira wa moto ukapita angani ukapasuka vipande, vikatawanyika mashambani, kimoja kikatoboa paa la ghala la nyasi kavu. Watu waliookota walisema vinanuka kama spiriti. Jumla zilipatikana zaidi ya kilo 100. Kwa uzito hakifui dafu mbele ya kimondo chetu cha Mbozi ambacho ni tani nyingi za chuma, lakini kile cha Murchison si chuma, ni jiwe jeusi lenye kaboni, na ndani yake walikuta asidi za amino, zile ambazo protini za miili yetu zimejengwa nazo, nyingine za aina zisizoonekana kabisa kwa viumbe wa hapa duniani. Halafu 2020 watafiti wakatangaza kwamba ndani ya jiwe hilo kuna chembe ndogo sana za vumbi la nyota zenye umri wa mpaka miaka bilioni 7. Jua lenyewe lina bilioni 4.6.

Kule kwenye mto wa magharibi nako kuna jambo. Wilaya ya Murchison ni kubwa ajabu na haina mji hata mmoja, na kwa sababu hiyo hakuna kelele za redio na simu, ndiyo maana wamechagua hapo kujenga antena zaidi ya laki moja na elfu thelathini za kusikiliza anga za mbali, mradi wa darubini za redio uitwao SKA ambao nusu yake nyingine iko Karoo, Afrika Kusini. Eneo la darubini siku hizi limepewa pia jina la wenyeji wa Wajarri, Inyarrimanha Ilgari Bundara. Kabalega wao amerudi polepole.

Narudi kwa watu, nimalize Amerika maana mama anatoka huko. Waskoti wa nyanda za juu walimiminika North Carolina, bonde la Cape Fear, kuanzia 1739, wakiwa wanaongea Kigaeli, na kina Murchison walikuwemo. Kutoka huko jina likasambaa kusini na Texas. Clint Murchison wa Athens, Texas, akatajirika kwa mafuta, mwanawe wa jina hilo hilo ndiye aliyeanzisha timu ya Dallas Cowboys 1960, na kwenye kaunti yao hiyo hiyo ya Henderson kuna kimji kinaitwa Murchison. Kenneth Murchison, mchora ramani za majengo, ndiye aliyebuni stesheni ya treni ya Hoboken iliyofunguliwa 1907.

Lakini mfano wangu ninaoupenda ni wa mbio. Mmarekani Loren Murchison alichukua dhahabu ya Olimpiki ya 4 kwa mita 100 mwaka 1920 na tena 1924. Mmarekani Ira Murchison alichukua dhahabu ya mbio hiyo hiyo Melbourne 1956, tena kwa rekodi ya dunia, sekunde 39.5. Jina moja, nchi moja, mbio moja, rangi moja ya medali, mtu yeyote angeapa ni babu na mjukuu. Loren alikuwa mzungu wa Texas, Ira alikuwa mweusi wa Chicago. Wamarekani weusi wengi wana majina ya Kiskoti, Campbell, McDonald, Cameron, na sababu mara nyingi ni utumwa: jina la mwenye shamba liliwafuata, au walilichagua wenyewe walipopata uhuru 1865 kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye makaratasi. Wakati mwingine kuna damu ndani yake, ya namna ambayo hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo hata hapo usikimbilie kusema si ndugu, na usikimbilie kusema ni ndugu.

Sasa cha kumjibu mama. Kwanza mwambie kwa upole kwamba Sir Roderick na Charlotte hawakupata watoto, hivyo babu yake si yule. Pili mwambie kwamba kama ni watu wa Prince Edward, kuna uwezekano mkubwa watu wake walitoka Skye, kwa sababu Earl wa Selkirk alipeleka pale watu kama 800 kwa meli tatu mwaka 1803, wengi wa Skye, na wengine wakafuata miaka ya 1820, na kutoka Skye kuvuka mkono wa bahari kwenda Lochalsh ni pua na mdomo. Kwa hiyo anaweza kabisa kuwa na babu mmoja na Roderick na Donald huko nyuma kwenye miaka ya 1600, bila kuwa mjukuu wa yeyote kati yao. Hilo ndilo nililomaanisha niliposema hajakosea sana. Ila linahitaji kuthibitishwa, na uthibitisho si picha ya ubao.

Aanzie kwao, si Scotland. Watu wakipata hamu wanarukia Scotland moja kwa moja, wanashika Murchison wa kwanza wanayemkuta kwenye intaneti na kumfanya babu. Aende makaburini Prince Edward, mawe ya zamani ya kule mara nyingi yanasema marehemu alizaliwa Skye na mengine yanataja mpaka parokia. Akishapata parokia ndio aingie websaiti ya serikali ya Scotland ya kumbukumbu, ScotlandsPeople, kutafuta jina ni bure, kufungua picha ya ukurasa unalipia kidogo. Uandikishaji wa serikali ulianza 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha Scotland ni mali, kinataja baba na mama wa marehemu mpaka jina la mama kabla ya kuolewa, kwa hiyo hata kama babu yake aliondoka mapema, atafute kaka au dada wa babu aliyebaki akafa baada ya 1855, wazazi ni wale wale. Hii njia ya pembeni watu wengi hawaifikirii. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa tu, na parokia nyingi za Skye vitabu vyake vinaanza karibu 1800 au baada ya hapo, kwa hiyo kwa makaratasi peke yake atagonga ukuta, asishangae.

Ukutani ndo DNA inasaidia, ile ya kromosomu Y, inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama jina lenyewe linavyopita. Wapo watu wa jina hilo walioshapima na kuweka matokeo yao pamoja kwenye miradi ya majina ya koo, unaona fungu hili linafanana na lile halifanani, na mara nyingi hapo ndipo watu wa jina moja wanagundua kwamba mababu zao hawajakutana kwa miaka elfu kadhaa. Kuna tatizo moja tu kwa mama yako, wanawake hawana hiyo Y. Na asipime mumewe kama jina la Murchison ni la kwao mama, nimeshaona mtu anataka kufanya hivyo. Mate yanayotakiwa ni ya baba yake kama yu hai, au kaka yake, au mtoto wa kiume wa baba mdogo, yeyote mwanaume aliyezaliwa na Murchison aliyezaliwa na Murchison, na achukue kipimo cha alama 37 kwenda juu, kile cha 12 hakitoshi kutenganisha Skye na Cork.